Makarai ya Ikolomani

Dhahabu ya wiki mbili ilikwenda wapi?

Hussaina alilitamka swali hilo kwa sauti ingawa alikuwa peke yake, simu ikiwa bado na joto mkononi, katikati ya karakana ya babu yake huko Mji wa Kale, Mombasa. Nyundo zilikuwa zimetundikwa ukutani kwa kufuata ukubwa, kama watoto waliopangwa kupigwa picha ya shule. Mabamba ya chuma yaliegemea pembeni. Karai moja lililosalia lilining'inia kwenye msumari karibu na dirisha. Ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri, na binti huyu alizoea kuwa na jibu, au walau kujua kitabu cha kulitafutia.

Aliyempigia ni Mama Loise wa Ikolomani, upande wa Kakamega. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtia Hussaina hofu. Kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia akamaliza, alieleza kwamba akina mama ishirini na wanne wa kikundi chake wameosha mchanga kwa wiki mbili kamili katika makarai mapya ya Mombasa, na walichopata wote pamoja hakifuniki ukucha wa kidole cha mwisho. Shimo ni lile lile. Mawe ni yale yale, yanapondwa na kusagwa hadi yawe unga kama siku zote. Mwezi uliopita unga huo ulitoa dhahabu kila siku, kidogo lakini ya hakika. Tofauti ni moja tu: mwezi uliopita walikuwa wakitumia zebaki.

"Barnabas amekuja leo asubuhi na chupa yake," Mama Loise alisema. "Ameiweka juu ya jiwe, amekaa hapo kando, hasemi kitu. Anatuangalia tu na kucheka. Jumamosi tunakutana kuamua. Mimi sina kitu cha kuwaambia hawa wenzangu, Hussaina. Wewe uko nacho?"

Aliomba apewe siku mbili, akajisikia kama mwanafunzi anayeomba kuongezewa muda wa kazi ambayo hajaianza.

Barnabas ndiye aliyekuwa akiwauzia akina mama wale zebaki, na ndiye aliyekuwa akinunua dhahabu yao. Zebaki, ule ugiligili unaometa kama fedha, hutiwa kwenye matope ikakusanya chembe zote za dhahabu zikawa donge moja. Donge hilo huchomwa katika kijiko juu ya makaa. Zebaki hupaa kwa moshi, dhahabu ikabaki. Ni kazi nyepesi. Ila moshi huo ndio uliomtetemesha mikono mama mzazi wa Mama Loise hadi akafa akinyweshwa uji na watoto wake kama kwamba yeye ndiye mtoto. Na sasa mdogo wake Mama Loise, mwenye mimba ya miezi sita, alikuwa miongoni mwa wale ishirini na wanne. Makarai yakishindwa Jumamosi, Jumatatu angekishika kijiko. Hilo Hussaina alilijua vyema, kwa kuwa yeye ndiye aliyewasihi waziache chupa.

Alikuwa mwaka wa nne chuo kikuu, idara ya historia, na tasnifu yake ilihusu kipindi kile cha miaka ya thelathini ya karne iliyopita, dhahabu ilipoonekana kwenye Mto Yala na watu wakaikurupukia Kakamega kutoka kila pembe. Alikuwa amesoma majalada mpaka macho yakamwasha. Aliweza kukusimulia jinsi mji wa mahema ulivyochipuka katikati ya mashamba ya mahindi na wimbi kwa muda wa miezi tu. Jinsi walowezi waliofilisika, mazao yao yakiwa hayana bei na nzige wamemaliza yaliyosalia, walivyofika na sepetu mabegani wakijiita wachimbaji. Jinsi maduka yalivyosimamishwa kwa mabati na miti usiku mmoja, na mvua ikaja ikayalaza asubuhi. Aliweza pia kukueleza, na hapo sauti yake ilibadilika, jinsi serikali ya wakati huo ilivyowaahidi wenyeji kwa sheria kwamba ardhi ile ni yao daima dawamu, na jinsi sheria hiyo ilivyorekebishwa kabla hata wino wake haujazeeka, mara tu udongo ulipometa.

Lakini waliomvutia zaidi hawakuwa watunga sheria wala wenye mahema. Walikuwa maelfu ya watu ambao majalada yaliwataja kwa hesabu tu, bila majina: wanaume walioteremka mashimoni kwa kamba, wanawake waliopanda vilima alfajiri na vikapu vya ndizi na unga ili kambi nzima ipate kula, vijana waliochimba mifereji ya maili kadhaa kwa majembe ya nyumbani, mfereji ukifuata ubavu wa mlima bila kupoteza maji. Watu hao walifanyishwa kazi juu ya ardhi yao wenyewe, na bado, kwa kutazama na kukumbuka, waliisoma ardhi ile kuliko waliokuja na ramani. Elimu hiyo haikufa nao. Hussaina aliishuhudia kwa macho yake alipokwenda Ikolomani kufanya utafiti. Mama Loise aliokota jiwe lisilo na dalili yoyote, akalilamba, akaligeuza kwenye mwanga, akasema mshipa umepita upande wa kushoto. Walichimba kushoto. Mshipa ulikuwapo.

"Nani alikufundisha?" Hussaina aliuliza, kalamu ikiwa tayari.

"Nyanya yangu. Na yeye wazungu walidhani anawapikia tu."

Basi alirudi Mombasa akiwa amejaa watu hao moyoni, akamsimulia babu yake yote, pamoja na habari ya mabeseni ya plastiki yasiyoshika chembe ndogo na chupa ya zebaki inayoshika kila kitu. Mzee Badruddin, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, fundi bati wa mwisho katika kichochoro kilichowahi kuwa na mafundi tisa, alimsikiliza hadi mwisho bila kuinua macho kwenye kazi yake. Kisha aliweka nyundo chini, akapanda ngazi ya dari polepole, akashuka na kitu kilichofungwa ndani ya gunia. Kilikuwa kalibu ya mvule, nzito, nyeusi kwa uzee.

"Hii ni ya karai la bara," alisema. "Ya marehemu baba."

Marehemu Taherali, babake, alipanda treni kwenda bara mwaka elfu moja mia tisa thelathini na mbili, akakaa huko miezi kumi na minne. Ukoo mzima ulijua kwamba alikwenda kutafuta utajiri na akarudi na homa. Kitu pekee alichorudi nacho ambacho hakikuisha ni umbo hilo: karai pana, lisilo na kina, sakafu yake bapa, na upande mmoja una mifuo mitatu ya kukamata chembe maji yanapomwagwa. Halikuungwa popote. Lilifuliwa kutoka bamba moja, kwa kuwa katika kiungo dhahabu ingejificha.

Kazi ya kufua makarai ishirini na matano ilimchukua Mzee Badruddin wiki kumi na moja. Chuma kilinunuliwa Mbaraki, na fundi alikirudisha mara mbili kwa sababu kilikuwa chembamba kuliko alivyoahidiwa. Hussaina alikaa naye kila alipopata nafasi, na hakuna mhadhara uliowahi kumfundisha mengi kama kumtazama mzee yule akilizungusha bamba juu ya kalibu, pigo kwa pigo, hakuna pigo lililozidi jingine, huku sikio lake likiwa limeinama. Alisema chuma kinapokaribia kuchoka hubadilisha sauti. Hussaina alijaribu kuisikia sauti hiyo kwa wiki kumi na moja, asiisikie. Siku ya mwisho mzee alilala na maumivu ya mgongo, naye mjukuu akamalizia yaliyobaki: akayafuta vumbi makarai yote, akayapaka mafuta ya nazi kwa kitambaa safi kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile, akayafunga. Katika karakana ya Badruddin hakuna chuma kilichowahi kutoka mlangoni bila kupakwa mafuta. Hewa ya chumvi ya kisiwani hula chuma kikavu kabla ya Ijumaa mbili kupita. Hata akaongeza lake. Alijaza vichupa ishirini na vinne vya mafuta yale yale, na kwa mwandiko wake mzuri akaandika karatasi ya maelekezo: kila jioni baada ya kazi, karai lioshwe, likaushwe, lipakwe mafuta.

Moyo wake wote ulikuwa ndani ya mzigo ule. Na sasa Barnabas alikuwa ameketi kando, akicheka.

Alipokuwa bado amesimama, mlango ulisukumwa, akaingia baba yake mkubwa, Shoaib, akipangusa jasho. Shoaib alikuwa na duka la kanga na vitambaa katika mtaa wa Biashara na nyumba Kizingo, na kwa kuwa vichochoro vya Mji wa Kale havikubali gari lake, kila ziara ya kumwamkia baba yake ilikuwa kwake safari ya kusimuliwa. Baada ya salamu alimwona binti wa nduguye alivyo, akauliza, akaelezwa.

"Nilisema," alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Mwanangu, wewe una huruma, na mzee ana mapenzi na chuma. Lakini huo mchanga hauli huruma. Waambie wayauze kama vyuma chakavu, tuwape pole, yaishe. Na hapa pafungwe sasa. Nimesema miaka mingapi? Hapa ni ghala zuri la kanga."

"Baba mkubwa, hatujui bado kosa ni nini."

"Kosa ni nini? Fundi ana miaka themanini."

Hawakusikia hatua ngazini. Mzee Badruddin alikuwa ameteremka kutoka ghorofani, kofia yake nyeupe yenye ukingo wa uzi wa dhahabu kichwani, na alikuwa amesikia. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akaliangua lile karai la ishirini na tano lililobaki, akaketi nalo. Alipitisha kidole gumba katika mfuo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akalisawazisha juu ya vidole vitatu. Akaligonga kwa ukucha, akasikiliza. Yote haya yalichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Sioni kosa," mzee alisema hatimaye. "Basi ni mkono. Macho yangu hayaoni kosa la mkono wangu, ndivyo uzee ulivyo. Waambie hivyo hao akina mama, dikri. Waambie fundi amezeeka."

Dikri ni binti kwa Kigujarati, na ndivyo alivyomwita tangu akiwa mtoto. Hussaina alitamani alie. Shoaib alitazama sakafu, na sura yake haikuwa ya mtu aliyeshinda, bali ya mtu aliyepewa kitu alichokiomba akaona ni kizito.

Hussaina alikataa. Hakukataa kwa kelele. Alisema tu kwamba katika somo lake mtu hahukumiwi kabla ushahidi haujaangaliwa, na kwamba ushahidi uko Ikolomani. Alimpigia tena Mama Loise, akamwomba amweleze kila kitu kama anavyomweleza mgeni asiyejua lolote: makarai yanakaa wapi usiku, yanashikwaje, yanaonekanaje. Mama Loise alieleza kwa subira. Hulala katika kibanda. Yanapakwa mafuta kila jioni, hakuna aliyewahi kuruka siku, karatasi imebandikwa mlangoni. Asubuhi kuna baridi, ukungu umejaa bondeni, na makarai huwa yamefanya utando mweupe ndani, kama wa uji uliolala. Wao huupangusa kwa majani na kuanza kazi.

"Utando mweupe?" Hussaina aliuliza. "Wa chumvi?"

"Hapana. Unateleza."

Aliandika maneno hayo katika daftari lake, akayapigia mstari, asielewe.

Siku ya pili asubuhi alimshika mkono babu yake wakaenda nyumba ya tatu, kwa sonara Idarus. Mzee Idarus alikuwa rafiki wa Badruddin wa miaka sitini, na urafiki wao uliendeshwa kwa maneno makali tangu siku ya kwanza. Dukani kwake, chini ya meza ya kazi, ilifungwa ngozi laini ya mbuzi iliyolegea mapajani, ili kila chembe inayotoka kwenye tupa ianguke humo. Hussaina alimwomba unga huo kidogo, kiasi cha kufunika ncha ya kisu, wa kujaribia karai, na akaahidi kumrudishia wote.

"Nimezaliwa mtaa huu," Idarus alisema, "sijapata kuona mtu akaja kuazima dhahabu kwenda kuiosha. Bwana Badru, mjukuu wako amesoma mpaka amevuka."

"Mpe," alisema Badruddin. "Wewe hukusoma, na akili ulizonazo twazijua."

Idarus alicheka, akapima unga kwa mizani yake ndogo, akafuatana nao mwenyewe, kwa kuwa, alivyosema, dhahabu yake haijazoea kutembea bila mlezi.

Katika ua nyuma ya karakana, Hussaina alitia ndani ya karai la ishirini na tano konzi ya mchanga mweusi, akachanganya na unga wa Idarus, akamimina maji, akaanza kuzungusha kama alivyofundishwa na Mama Loise: duara, kutikisa, kuinamisha. Maji ya kwanza yakamwagika ndani ya beseni lililowekwa chini. Akatia mengine. Wazee wawili walisimama juu yake kama majaji. Akazungusha kwa muda wa kutosha kuchemsha chai, kisha akainamisha karai kwenye jua. Katika mifuo mitatu hapakuwa na kitu ila mchanga.

Mzee Badruddin alifumba macho. Hussaina naye alikuwa akitazama karai. Idarus peke yake ndiye aliyekuwa akiitazama mali yake.

"Dhahabu yangu iko huku," alisema. "Yaelea."

Juu ya maji ya beseni, katika ngozi nyembamba ya mafuta yenye rangi za upinde wa mvua, unga wa dhahabu ulikuwa umetandaa, mwepesi kama chavua. Idarus aliinama, akagusa ukingo wa karai kwa kidole, akakinusa, akamgeukia rafiki yake kwa mshangao wa kweli.

"Nazi? Badru, umelipaka mafuta? Mimi kitambaa chenye mafuta hakipiti mlango wangu siku ya kupiga tupa. Dhahabu ikiwa nzima huzama. Ikiwa unga, ikaonja mafuta, haizami tena. Hilo hata wanagenzi wangu wajua."

"Katika kazi yangu," alijibu Badruddin taratibu, "kila kitu hupakwa mafuta."

Hussaina alikuwa ameshainuka. Alipanda ngazi mbili mbili, akafungua friji ya jikoni, akatoa kikombe cha mafuta ya nazi kilichokuwa nyuma ya maziwa. Kilikuwa kimeganda, cheupe, kigumu. Alikitazama kwa muda. Hapa kisiwani mafuta hayo huwa maji takriban mwaka mzima. Akilini mwake hayajawahi kuwa kitu kingine. Lakini alfajiri ya Ikolomani, bondeni, penye ukungu, yaliganda katika mifuo mitatu na kuifunga kabisa, kisha jua lilipopanda yakayeyuka kidogo kidogo juu ya maji, yakibeba unga wa dhahabu na kuuvusha ukingo. Wala hayakuisha, kwa sababu kila jioni wanawake ishirini na wanne waangalifu waliyapaka upya, wakifuata karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Alirudi uani. Alionyesha kikombe tu. Mzee Badruddin alikichukua, akakitazama, kisha akaanza kuzungumza, bila kumlenga mtu.

Alisema alipokuwa mdogo, oda za bara zilipokuwa bado zinakuja, baba yake hakuyapaka mafuta makarai yale. Aliyachoma. Aliwasha moto wa makumbi ya nazi hapa hapa uani, akayatia moja moja hadi moshi ukome na chuma kigeuke buluu kama shingo ya njiwa, kisha akayafunga makavu katika majani ya mgomba na kuyapeleka stesheni siku hiyo hiyo, kabla hewa haijayagusa. Yeye Badruddin ndiye aliyekuwa akipuliza moto. Aliwahi kuuliza kwa nini, akaambiwa kwamba ndivyo wanavyotaka watu wa bara. Akadhani wanapenda rangi. Kwa miaka sabini alidhani ni rangi tu, na safari hii, kwa kuwa makumbi siku hizi hayapatikani kirahisi, aliona pambo hilo liachwe.

"Akajuaje yeye?" Idarus aliuliza.

Hussaina alifikiria ile miezi kumi na minne ambayo ukoo wake uliieleza kwa neno moja, utajiri. Alimwona kijana wa Kihindi, Mbohora wa Mombasa, mgeni wa baridi na matope, akifika kambini na mzigo wa makarai yanayong'aa kwa mafuta ya kwao. Huenda alikwenda kuuza. Huenda alikwenda kurekebisha alichokwisha kuuza, akakaa hadi wenyewe, wale wasioandikwa majina, walipomfundisha moto. Hakuwa na ushahidi, na mwanahistoria haruhusiwi kuziba pengo kwa matamanio yake. Lakini alijua kwamba maarifa yale hayakutoka pwani. Mtu fulani bara, aliyepoteza dhahabu yake kwa sababu ya karai la Mombasa, alikuwa na subira ya kueleza, na fundi wa Mombasa alikuwa na unyenyekevu wa kusikiliza. Aliwastahi wote wawili kuliko alivyowahi kumstahi mtu yeyote katika majalada yake.

Kisha akauliza lililokuwa la haraka zaidi: dhahabu iliyoelea, ikimwagika, hufa? Idarus alimtazama kwa huruma ya bingwa. Dhahabu haifi, alisema. Mafuta yakiisha nguvu huzama pale pale ilipomwagiwa. Je, wao humwaga mtoni? Hussaina alikumbuka: hapana, huoshea katika bwawa walilolichimba wenyewe, maji yasiyotoka. Kwa hiyo, alisema Idarus, dhahabu ya wiki mbili imo ndani ya matope ya bwawa hilo, inangoja.

Shoaib alikuja adhuhuri, akaelezwa yote. Hakutaja ghala. Alipoona Hussaina anachukua simu, alimshauri kama mtu mzima anayejua biashara: awaambie wayachome makarai, wafukue bwawa, basi. Haina haja kueleza nani alipaka nini. Akasema baridi ya kwao ndiyo iliyogandisha mafuta, na huo si uongo. Msichana akijishitaki mbele ya watu waliokasirika, nani atamwamini tena?

"Na tasnifu si ya kukabidhiwa Jumatatu?" aliongeza. "Simu yatosha."

Mzee Badruddin naye alikuwa na lake. "Sema ni mimi," alisema. "Karakana ni yangu, na moto niliuacha mimi. Mzee husamehewa upesi."

Hussaina aliwatazama wote wawili. Aliona kwamba kila mmoja alikuwa akimfungulia mlango wa kutokea, kila mmoja kwa mapenzi yake. Akabonyeza namba, akaweka simu juu ya fuawe ili sauti isikike na wote.

Mama Loise aliitika, na nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake wengi na kishindo cha mawe yanayopondwa. Hussaina alimweleza habari ya mafuta na unga unaoelea. Mama Loise akasema, si kwa ubaya, kwamba yeye anaamini, lakini wenzake wamechoka kuambiwa mambo kwa simu. Barnabas amewaambia tangu jana kwamba watu wa Mombasa hawatakosa hadithi. Sauti nyingine, ya mwanamke kijana, ikauliza kwa mbali: "Muulize ni nani alisema tupake mafuta. Si ni karatasi yake?"

"Ni mdogo wangu," Mama Loise alisema. "Amesimama hapa. Umemsikia?"

"Nimemsikia. Tafadhali weka simu wasikie wote."

Alingoja hadi kishindo cha mawe kikakoma. Shoaib alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee Badruddin alikuwa ameweka kiganja chake juu ya fuawe, kando ya simu.

"Shikamooni nyote," Hussaina alisema. "Jina langu ni Hussaina. Makarai hayana kosa, na fundi aliyeyafua hana kosa. Aliyeyapaka mafuta ni mimi, na aliyewaandikia mpake kila jioni ni mimi, nikidhani najua. Kazi yenu ya wiki mbili imo ndani ya bwawa lenu. Nawaomba msiyatoe matope yake hata kikapu kimoja. Kesho alfajiri naondoka Mombasa, na Jumamosi kabla ya mkutano nitakuwa hapo. Nitayachoma makarai yote ishirini na manne mbele yenu, kisha nitaingia bwawani pamoja nanyi tuyaoshe matope hayo mpaka mwisho, kwa siku zozote zitakazohitajika. Tasnifu yangu haitafika Jumatatu, na nimekwisha kukubali hivyo. Mkiona sikusema kweli, chukueni chupa ya Barnabas nami sitawazuia. Lakini mpaka nifike, nawaomba asiiguse mtu."